Kiingereza cha Kununulia Mashine

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa ushirika wa wakulima wa mpunga pale Ifakara, na mimi nilikuwa binti yake wa kwanza, niliyemaliza darasa la nane kwa masista. Hayo mawili yalimtosha kuamini kwamba hakuna barua ya Kiingereza inayoweza kunishinda. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Nilikuwa nimesoma kwa Kiingereza hadithi za watoto wanaocheza kwenye theluji, nilijua nyimbo za kanisani, na nilikuwa na cheti kilichofungwa kwa utepe, ambacho mama alikiweka sandukuni pamoja na kanga zake mpya.

Miaka hiyo ya hamsini mpunga wa bonde zima ulikuwa unaondoka na maganda yake. Ule wa kula nyumbani tuliukoboa kwa kinu na mchi, na uliobaki tuliwauzia wenye mashine, nao ndio waliougeuza mchele na kupata faida. Wakulima walichoka na hali hiyo wakaazimia kununua mashine yao ya kukobolea. Katibu wa ushirika, mwalimu mstaafu aliyeheshimika sana, aliandika barua kwa kampuni moja ya mashine huko Dar es Salaam. Jibu lilipofika, yeye alikuwa amevuka mto kwenda Mahenge msibani. Baba hakuwa na subira ya kumngoja. Alikuja nayo nyumbani mchana, akanikuta uani napukuchua mahindi, akanikabidhi na kukaa juu ya kinu kilicholazwa, tayari kusikiliza.

Sentensi ya kwanza ilisema, "We are in receipt of your favour of the 9th inst." Niliisoma kwa sauti, nikaisoma tena kimoyomoyo. Kila neno nilikuwa nimewahi kuliona mahali, isipokuwa lile la mwisho. Nikamwambia baba kwamba wanasema wamepokea fadhila yetu.

"Fadhila gani?" baba akauliza. "Hatujawapa kitu."

Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Uso wake ulibadilika. Alianza kuwaza ni nani kwenye kamati aliyewapelekea watu wa kampuni gunia la mchele kwa siri, na kwa nini. Nikaendelea haraka ili nimtoe kwenye mawazo hayo, lakini mbele kulikuwa kugumu zaidi. Kulikuwa na sentensi iliyoanza kama swali na haikuwa na alama ya kuuliza. Kulikuwa na mtu aliyetajwa mwishoni kuwa ndiye wa kuwasiliana naye, na jina lake, kwa jinsi nilivyoelewa, lilikuwa Aliyesainiwa Chini. Nilifika mwisho wa barua nikiwa nimelowa jasho, na baba hakuwa amepata bei wala siku ya kuletewa mashine.

"Baba," nikasema, "maneno nayajua, ila barua siielewi."

Hakunigombeza. Aliikunja vizuri akanirudishia. "Basi mtafute anayeielewa," akasema, "akufundishe. Mwalimu wetu amezeeka, na barua hizi hazitakwisha."

Nilijua pa kuanzia. Katika barabara ya maduka palikuwa na duka la Mhindi mmoja aliyekuwa safarini mara nyingi kufuata mizigo, na duka lilibaki mikononi mwa mkewe. Kila mara nilipotumwa chumvi au mafuta ya taa nilisikia kutoka chumba cha nyuma mlio wa mashine ya chapa, ta-ta-ta, kisha kengele ndogo. Watu walisema yule mama alikuwa karani wa ofisi ya mizigo Dar es Salaam kabla ya kuolewa. Nilikwenda siku ileile, nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha barua.

Aliisoma huku mkono mmoja ukiendelea kupima chumvi. Alicheka kidogo, lakini si kwa kunidharau. "Hiki ni Kiingereza cha biashara, binti," akasema. "Masista hawakukufundisha kwa sababu masista hawauzi kitu."

Akanifafanulia palepale, mbele ya wateja. Fadhila ilikuwa barua yetu. Ni adabu tu ya wenye biashara kuita barua ya mteja fadhila. Lile neno la mwisho lililofupishwa, "inst.", maana yake ni mwezi huuhuu. Sentensi iliyoanza kama swali ilimaanisha "mkihitaji maelezo zaidi". Na aliyesainiwa chini alikuwa ni yeye mwenyewe mwandishi, ambaye jina lake lilikuwa palepale chini ya mstari. Niliporudi kumweleza baba hayo pamoja na bei, la kwanza alilosema ni kwamba anamshukuru Mungu hakuwa amemwuliza mtu yeyote juu ya lile gunia la mchele.

Hivyo tukaanza. Yule mama hakutaka malipo. Alitaka nimfundishe Kipogoro, lugha ya kwetu. Bibi wengi waliokuja dukani kwake kutoka upande wa Mahenge hawakujua Kiswahili vizuri, na alichoka kuelewana nao kwa kuonyesha vitu kwa kidole. Tukapatana kwamba kila alasiri, jua likipungua ukali na wateja wakiwa wachache, tutakaa kwenye kibaraza cha nyuma. Nusu ya muda ni wangu, nusu ni wake. Alikuwa mwalimu mkali na mwanafunzi mvivu. Alitaka mimi nirudie sentensi mpaka ulimi ulainike, lakini yeye nikimsahihisha mara mbili alisema tumepumzika vya kutosha, turudi kwenye Kiingereza.

Sarufi niliyofunzwa shuleni ilikuwa ya kukariri kwa kuimba. Yake ilikuwa ya stoo. Siku moja nilishindwa kabisa kutofautisha "the goods arrived" na "the goods have arrived", kwa sababu kwangu mzigo uliofika ni mzigo uliofika. Alininyanyua akanipeleka mbele ya marobota ya kanga yaliyoingia asubuhi. Akapiga moja kofi. "Have arrived," akasema. "Yako hapa. Fungua uone." Kisha akaashiria kona tupu ya stoo. "Arrived. Yalifika. Sasa ukiniuliza yako wapi, mimi sijui." Sikuwahi kukosea tena.

Alinifundisha kupiga chapa kwenye mashine yake, na pia kwamba katika biashara mtu haandiki anataka. Anaandika kwamba atashukuru akipata. Kwamba ukiwa umekasirika unaandika umeshangazwa. Kwamba ukikataa unaanza kwa kusikitika. Nilimwambia kwamba hayo si mageni, wazee wetu wakienda kuposa husema hivyohivyo, hakuna anayetamka jambo moja kwa moja. Alifurahi sana. Akasema kama ni hivyo basi nimeshajua nusu ya kazi, kilichobaki ni maneno.

Misemo ndiyo ilinisumbua. Alikuwa na kitabu cha zamani cha makarani, kisicho na jalada, chenye kurasa nzima za misemo ambayo maneno yake hayasemi yanachosema. Siku tuliyofika kwenye "in black and white" nilisogeza kitabu mbali kidogo. Miaka ile maneno mawili hayo yakiwekwa pamoja, mtu wa rangi yangu alikuwa na sababu ya kujihadhari. Aliponiuliza nadhani maana yake ni nini, nilisema bila shaka ni mapatano kati ya Mzungu na Mwafrika. Akachukua kalamu, akachora mstari mweusi kwenye karatasi nyeupe. "Wino na karatasi," akasema kwa upole. "Maana yake yaandikwe, asije mtu akakana."

Mama yangu hakuipenda habari hii mwanzoni. Alikuwa na wasiwasi kwamba wenzangu wanaolewa wakati mimi nakaa nyuma ya duka nikigonga chuma. Aliniuliza kama nadhani barua itanizalia watoto. Lakini nilimwona jioni moja akimwambia shangazi kwamba binti yake sasa anaandika bila kutazama vidole, na alivyolisema hakukuwa na malalamiko ndani yake.

Kabla mvua za masika hazijafunga barabara, kamati ilikutana kuandika barua ya pili kwa kampuni. Katibu alikuwa amerudi, na alikuwa wa kwanza kusema kwamba macho yake yamechoka, kazi nipewe mimi yeye asikilize. Niliweka mashine ya chapa ya yule mama juu ya meza ya mbao na kuandika Kiingereza huku nikiwafafanulia wazee kwa Kiswahili. Tuliuliza mashine italetwa lini, italetwa mpaka wapi, na nani ataifunga. Yote yalikwenda vizuri mpaka tulipofika mwisho, kwenye nafasi ya sahihi. Katibu aliniambia niweke ile tamati ya siku zote, ile anayotumia kwa barua za bomani. Baba akauliza inasemaje, maana amekuwa akiitilia sahihi tangu ushirika uanze na hajawahi kufasiriwa.

Nikamfasiria. "Nina heshima ya kuwa, bwana, mtumishi wako mtiifu."

Baba alirudia maneno ya mwisho polepole, kama mtu anayeonja kitu. Katibu alieleza, na alisema kweli, kwamba ni desturi tu. Wazungu wenyewe huandikiana hivyo, hata mkubwa akimwandikia mdogo.

"Wao wakiandikiana wanajua kwamba ni maneno tu," baba akasema. "Mimi nikiwaandikia, sina hakika kama wanajua."

Hakusema kwa hasira. Lakini aliweka kalamu chini. Hapo ndipo niliposema jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Niliwaambia kwamba huyo tunayemwandikia si boma, ni muuzaji, na sisi ni wanunuzi. Katika barua za biashara pande zote mbili humaliza sawa. Niliwaonyesha barua ya kampuni, pale mwisho: "Yours faithfully." Wako mwaminifu. Wao wametuandikia hivyo, na sisi tunaweza kuwaandikia hivyohivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Baba akamtazama katibu. Katibu alifikiri, akatikisa kichwa kukubali, na akasema kwamba kusema kweli anaipenda zaidi hiyo, ni fupi. "Uaminifu ninao," baba akasema. "Weka hiyo." Akaishika tena kalamu. Nimeziona sahihi nyingi za baba, lakini ile aliiandika kubwa kuliko zote.

Mvua zikaja, barabara ya Kidatu ikawa tope, na hatukusikia kitu kwa muda mrefu. Nilikwenda shambani kulinda mpunga uliokuwa unaanza kukomaa. Kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuwingia ndege, mtu anatakiwa apige kelele kuanzia alfajiri, na hakuna anayejali unapiga kelele za nini. Mimi nilipiga za biashara. Kundi la kwelea kwelea lilipotua niliwatangazia kwa sauti kuu kwamba tunasikitika kuwaarifu kuwa hatuwezi kutimiza maombi yao kwa sasa. "We regret to inform you," nikapaza, na wao wakaruka kama wingu. Jirani yetu wa shamba la pili alimwuliza mama kama nimeanza kunena kwa lugha. Nilipotoka dunguni mavuno yalipokwisha, sauti yangu ilikuwa imekauka lakini ulimi ulikuwa mwepesi kuliko wakati wowote.

Barabara ilipokauka, kampuni haikuandika tena. Ilimtuma mtu. Alikuja kwa Land Rover iliyojaa vumbi, Mzungu wa makamo, mwenye haraka, ambaye alidhani atamkuta mkalimani kutoka bomani. Tulikuwa tumekaa chini ya paa la ghala la ushirika: baba, katibu, wazee wa kamati, na mimi kando ya baba, mashine ya chapa mezani mbele yangu. Mgeni aliuliza mkalimani yuko wapi. Baba akaelekeza mkono kwangu. Mgeni akanitazama, akatazama nyuma yangu kama vile kuna mwingine, kisha akaanza kuongea.

Mwanzoni nilikuwa na hofu. Lakini alipofika sentensi ya tatu niligundua kwamba namfuata. Kila alichosema nilikuwa nimekwisha kukikuta nyuma ya duka. Alisikitika, akashangazwa, akashukuru. Nilifasiri huku na huku, na wazee walianza kutega shingo kwangu badala ya kwake.

Shida ilikuwa usafiri. Kampuni ilitaka kuishusha mashine stesheni ya reli, sisi tuifuate. Wazee walitaka ije mpaka Ifakara. Mazungumzo yalikwama hapo, mpaka mgeni akaegemea mbele na kusema kwamba kampuni inatumaini tutakuwa tayari "to meet us halfway". Msemo huo haukuwa kwenye kurasa tulizosoma. Niliufasiri jinsi ulivyokuwa: anaomba tukutane naye katikati ya njia.

Wazee walishauriana. Mmoja wao, mvuvi wa zamani aliyejua kila kivuko cha bonde, alisema kwamba katikati ya njia ni kama Kidatu, na yeye hana ugomvi na Kidatu, ila mashine ikishushwa pale nani ataibeba? Lori la ushirika halitavuka mto na uzito ule. Hata tukikutana njiani, kitakachofuata ni kumwomba yeye mwenyewe atusukumie mpaka huku. Basi si heri aje nayo moja kwa moja?

Nilimfasiria mgeni maneno hayo yote, pamoja na Kidatu, kivuko na lori. Alikunja uso. Kisha akakodoa macho, akaanza kutabasamu, na hatimaye akacheka mpaka akavua kofia. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amemaanisha: kila upande ulegeze kidogo. Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa nataka kueleza kosa langu, lakini mgeni aliwahi. Alisema amefanya biashara pwani na bara na hajawahi kujibiwa vizuri namna hii. Mzee amesema kweli, mashine isiyofika ghalani si mashine. Kampuni itaileta mpaka mlangoni mwa ghala hili, na fundi wa kuifunga atakuja nayo.

Niliwafasiria wazee. Waliitikia kwa vichwa kwa utulivu, kana kwamba hawakutarajia jibu lingine. Mgeni alikuwa ameshaanza kukusanya makaratasi yake. Nikamtazama baba, na baba akanitazama, na nikajua ananiachia.

"Excuse me, sir," nikasema. "May we have that in black and white?"

Aliacha kukusanya. Nadhani hapo ndipo aliponiona kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakukasirika. Alivuta kiti akakaa tena. "Certainly, madam," akasema, na akaanza kunisomea maneno ya mapatano, nami nikayapiga chapa palepale, mbele ya kamati nzima, kengele ya mashine ikilia mwisho wa kila mstari. Alipoisoma karatasi hakukuta cha kusahihisha. Alitia sahihi yeye, akatia baba, na katibu akatia kama shahidi.

Wazee walipomsindikiza mgeni kwenye gari, baba alibaki amekaa. Hakuwa mtu wa kusifu watoto wake, na sikutegemea aanze siku hiyo. Aliniuliza lile neno la mwisho aliloniita yule mgeni ni neno gani. Nikamwambia ni neno la heshima, la kumwita mwanamke mtu mzima. Akasema vizuri. Akaitazama karatasi, ambayo hakuweza kuisoma, akasema, "Nilidhani nimekusomesha kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine. Kumbe ni kwa ajili ya hawa wote."

Mashine ilifika kabla ya mvua zilizofuata, ikiwa imefungwa kwa minyororo juu ya lori ambalo watoto walilikimbilia tangu mwanzo wa mji. Fundi aliifunga, ikaunguruma, na gunia la kwanza likatoka jeupe. Kamati iliniajiri kuwa karani. Kulikuwa na waliosema kazi hiyo ni ya mwanamume, na katibu aliwajibu kwa kuwaomba walete mwanamume mwenye kasi yangu. Yule mama wa dukani alinipa kiti chenye mto, akasema karani anayeumwa mgongo huandika barua za ukali. Mama yangu alinishonea magauni mawili ya kwendea ofisini, moja la bluu na moja la kijivu, na aliyapiga pasi yeye mwenyewe kila asubuhi, hata nilipomwambia kwamba naweza.

Nilifanya kazi ile miaka mingi, na niliolewa nikiwa ndani yake, na mume aliyejua tangu posa kwamba anamwoa karani. Lakini nikiulizwa ni siku gani ya kazi yangu naikumbuka zaidi, huitaja siku moja ya kawaida, baada ya mashine kuwa imezoeleka na hakuna tena aliyesimama kuitazama. Alikuja ofisini msichana kutoka kijiji cha Mbingu, amefikia kwa ndugu zake mjini, viatu mkononi ili visichafuke. Aliniamkia, akakaa ukingoni mwa benchi, akasema amesikia kwamba mimi najua Kiingereza kile kingine, kisichofundishwa shuleni. Nilimwuliza anakitakia nini. Akasema kwao wanalima mpunga mwingi na hakuna anayejua kuuandikia barua. Nikamvutia kiti mbele ya mashine ya chapa, nikaweka karatasi mpya, nikamwonyesha vidole vinakaa wapi.